Muker, Yorkshire Dales: siku 3 za kutembea bila gari, tupangeje?

Kipepeo_wa_Leeds aliuliza:

Wakuu, salaam. Tupo wanne, tunapanga kwenda Muker, kule juu Swaledale, bonde la mto Swale kaskazini mwa Uingereza, katikati ya Juni. Usiku mbili, siku tatu. Gari hatuna. Tunachotaka ni utulivu, kijiji cha mawe, vilima na mto, basi. Hatuna haja ya kupanda kilele ili mradi tuseme tumepanda.

Mmoja wetu ni mama wa miaka 67. Pumzi anayo, ila magoti yanamsumbua kwenye mteremko. Mwingine anakuja na mbwa. Wawili waliobaki ni wazima na wana haraka ya kutembea.

Naomba wanaopajua watusaidie: njia ipi ya siku nzima inafaa, na mama apitie wapi? Mbwa ataleta shida? Usafiri wa kufika na kuondoka ukoje? Na kuna kitu gani ambacho wageni hukosea kule mara kwa mara?

---

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:

Karibu sana, na mama mpe shikamoo yangu.

Wakati mmeuchagua vizuri. Katikati ya Juni ndipo mashamba ya nyasi ya Muker yanapokuwa na maua mengi, na kuanzia katikati ya Julai, jua likiwaka siku kadhaa mfululizo, wakulima wanakata na shughuli inakwisha. Anayekuja Agosti anakuta nyasi fupi za kijani. Nzuri, lakini si zile za kwenye picha.

Njia ya siku nzima ni mzunguko wa Muker hadi Keld na kurudi. Ni kama kilomita 10, na mpando wote ukijumlisha unakaribia mita 300. Inakwenda hivi.

Anzieni sehemu ya juu ya kijiji, katikati ya nyumba, kwenye kibao chenye majina ya Gunnerside na Keld. Mnaingia mashambani moja kwa moja. Njia imetandikwa mawe bapa, upana wa mtu mmoja, na inakatiza mashamba kadhaa. Kati ya shamba na shamba kuna mwanya kwenye ukuta, mwembamba kiasi cha mguu kupita, wenye kageti ka springi kanakojifunga kenyewe. Mwenye mkoba mpana mgongoni avue, apitishe mkoba kwanza. Mkifika mtoni pindeni kulia, hatua chache tu, mtaona daraja la waenda kwa miguu la Ramps Holme. Vukeni.

Ng'ambo, geukeni kushoto mfuate mto kuelekea juu. Hapo njia ni pana na karibu tambarare kwa kilomita 2 hivi, Swale ikiwa upande wenu wa kushoto. Kisha mnafika kwenye korongo la Swinner Gill, kuna kadaraja kadogo, na mpando unaanza. Juu yake kuna gofu la Crackpot Hall, nyumba ya shamba iliyohamwa miaka ya 1950 baada ya ardhi kudidimia kwa sababu ya machimbo ya risasi (madini, lead) yaliyo chini. Piga picha ukiwa nje. Kuta zake hazitegemei kitu, na mahandaki ya machimbo yaliyo wazi kule juu kwenye korongo si mahali pa kuchungulia.

Kutoka Crackpot Hall njia ni pana, inazunguka juu ya bonde hadi mnashuka kwenye maporomoko ya East Gill. Hapo ndipo Pennine Way na Coast to Coast, njia mbili ndefu maarufu za Uingereza, zinapokutana. Vukeni daraja, pandeni kidogo, mpo Keld. Pumzikeni, kuleni.

Kurudi, fuateni Pennine Way kuelekea kusini, ubavuni mwa kilima cha Kisdon. Kuna kijia cha pembeni kinachoshuka kwenye maporomoko ya Kisdon Force. Kinastahili dakika 20 za ziada kama mawe hayajalowa. Baada ya hapo njia inapita juu ya msitu mwembamba, na hapa ndipo ratiba za watu huharibika. Ni mawe yaliyolegea, mizizi, mawe tena. Ukiangalia ramani unasema kilomita 2, nusu saa. Si nusu saa. Mbele zaidi kibao kitawaonyesha Muker kwa mteremko, wakati Pennine Way yenyewe inaendelea hadi kijiji cha Thwaite.

Kuhusu muda, tumieni kanuni ya William Naismith, Mskochi aliyeitoa mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa njia hii inatoka saa 2 na nusu. Hiyo ni kanuni ya mtu asiyesimama, asiyepiga picha, na asiyekutana na mawe ya Kisdon. Tengeni saa 5 pamoja na chakula.

Ramani ni OS Explorer OL30 (OS ni Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza), ya kipimo cha 1:25,000, yaani sentimita 4 kwenye karatasi ni kilomita 1 ardhini. Inachora kila ukuta wa shamba kwa mstari mwembamba mweusi, na huo ndio msaada mkubwa kuliko wote: ukungu ukishuka, vilima havionekani lakini kuta zinaguswa kwa mkono. Hesabu umevuka ngapi na utajua ulipo. Ramani ya simu pekee haitoshi, kwa sababu mtandao bondeni mle unakatika sehemu nyingi, wakati mwingine ndani ya kijiji chenyewe. Kama mtatumia simu, pakueni ramani kabla ya kuondoka.

---

Bi_Kokoto:

Mkuu hapo juu kaeleza vizuri, lakini kwa mama mimi siafiki kabisa mzunguko huo. Magoti hayaumizwi na kilomita, yanaumizwa na kushuka juu ya mawe yanayocheza. Njia ya ubavuni mwa Kisdon ndiyo hiyo hiyo.

Gawaneni. Wote wanne mtoke pamoja kupitia mashamba ya maua hadi Ramps Holme, mfuate mto hadi pale mpando wa Swinner Gill unapoanza. Wazima waendelee Keld. Mama na atakayemsindikiza warudi kwa njia ile ile. Hiyo ni kama kilomita 6 kwenda na kurudi, karibu yote bapa, na kwa macho yangu ndiyo nusu bora ya mzunguko. Mto uko karibu, mabanda ya mawe kila upande, na kuna mahali pengi pa kukaa.

Siku ya pili mama anaweza kwenda Thwaite na kurudi kupitia mashambani, au avuke Ramps Holme na kufuata mto kwenda chini hadi daraja la mawe la Ivelet, upinde mmoja mrefu uliojengwa enzi za farasi wa mizigo. Kando ya daraja hilo kuna jiwe bapa la kutulia jeneza. Kabla Muker haijapata kanisa lake mwaka 1580, maiti walibebwa kwa miguu kutoka Keld hadi Grinton, zaidi ya kilomita 20, na njia yao bado ipo kwenye ramani. Hata ile inayopita juu ya Kisdon ni kipande chake.

Fimbo mbili za kutembelea, si moja. Kwenye kushuka zirefushwe sentimita 5 hadi 10 kuliko kwenye tambarare, mzigo uende mikononi badala ya magotini. Na ile mianya ya ukutani: kando ya baadhi kuna vidato vya mawe vilivyochomoza kwa ajili ya kupanda. Mama apande uso ukitazama ukuta na ashuke vivyo hivyo, kama anayeshuka ngazi ya kuegemeza. Wanaoshuka wakitazama mbele ndio wanaojikwaa, maana kidato cha mwisho mara nyingi kiko juu kuliko unavyodhani na matope ya chini yanateleza.

---

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:

Bi Kokoto, nakubali. Kwa mama, mto.

---

MwanaKondoo:

Kuhusu mbwa, maana hapo ndipo wageni wanapogombana na wenyeji.

Sheria kwanza. Kwenye ardhi ya wazi iliyoruhusiwa kwa umma chini ya sheria ya mwaka 2000, mbwa lazima awe kwenye kamba fupi isiyozidi mita 2 kuanzia 1 Machi hadi 31 Julai, na wakati wowote ule akiwa karibu na mifugo. Juni mmo ndani. Ndege wanaotaga chini wako na makinda, na wanakondoo bado wananyonya. Kwenye njia za kupita mashambani sheria inasema mbwa awe chini ya udhibiti wako, lakini Swaledale kondoo wako kila mahali, kwa hiyo kamba haitoki mkononi. Kamba zile zinazojivuta hadi mita 5 au 8 hazifai, zifungeni kwenye urefu mfupi.

Ndani ya mashamba ya nyasi kuna sababu mbili zaidi. Nyasi zile ni chakula cha mifugo cha majira ya baridi. Mkulima hutoa kondoo mle katikati ya Mei, anafunga geti, na kuanzia hapo kila jani linalolala ni jani ambalo mashine ya kukatia haitalishika. Watu wawili wakitembea bega kwa bega nje ya mawe bapa, wanalaza utepe wa nyasi tangu mwanzo wa shamba hadi mwisho. Mtembee mmoja nyuma ya mwingine. Sababu ya pili ni kinyesi. Mbwa anaweza kubeba kimelea kinachoitwa Neospora, kikiingia kwenye nyasi, ng'ombe akila anaharibu mimba. Okota, funga, beba hadi kwenye pipa. Kuna watu wanafunga mfuko vizuri kabisa halafu wanautundika ukutani. Sijui wanamtegemea nani.

Ng'ombe wenye ndama ndio hatari ya kweli. Wanamfuata mbwa, si wewe. Zungukeni mbali, msipite katikati ya mama na ndama, tembeeni taratibu bila kukimbia. Wakiwajia kwa kasi, achia kamba. Mbwa atakimbia haraka kuliko ng'ombe, wewe hutaweza. Hii ni moja ya nyakati chache ambapo kuachia kamba ndiyo sahihi.

Kupe wapo kwenye majani marefu. Suruali ndefu, ncha zichomekwe ndani ya soksi. Jioni kagueni nyuma ya magoti, kinenani, kwapani, na masikio ya mbwa. Kupe anang'olewa kwa kibanio chembamba, umshike karibu kabisa na ngozi na kuvuta moja kwa moja bila kumminya tumbo. Msimpake mafuta wala kumchoma. Doa jekundu likitanuka siku au wiki baadaye, muone daktari na umwambie ulikuwa wapi, kwa sababu ya ugonjwa wa Lyme.

---

Ratiba_Kwanza:

Usafiri. Treni iwafikishe Darlington, kutoka hapo basi hadi Richmond, kisha basi dogo la Little White Bus linalopanda bonde la Swale kupitia Reeth, Gunnerside na Muker hadi Keld. Richmond haina stesheni ya treni, msidanganywe na jina: tiketi ya treni ya "Richmond" itakupeleka London.

Basi hili ni la safari chache kwa siku. Jumapili na sikukuu ratiba inakuwa nyingine kabisa, tena inabadilika kwa msimu. Kwa hiyo pangeni kuanzia nyuma: tafuteni kwanza basi la kuwatoa Muker siku ya tatu, kisha lililo kabla yake kama akiba, ndipo mnunue tiketi za treni. Wengi hufanya kinyume, wanakata treni ya bei nafuu ya saa maalumu halafu wanakuta basi la kuwahi treni hiyo halipo. Kati ya Muker na Richmond ni kama kilomita 32 za barabara nyembamba, na teksi huwezi kuisimamisha njiani. Ni ya kuita siku kabla.

Mwende kati ya Jumatatu na Alhamisi mkiweza. Mwishoni mwa wiki ya Juni watu wa maua wanajaa, maegesho ya pale darajani yanafurika kabla ya adhuhuri, na utulivu mnaoutafuta unabaki wa asubuhi na jioni tu.

Ratiba zimeandikwa kwa saa 24, hivyo 17:10 ni saa 11 na dakika 10 jioni. Naiandika kwa sababu mama ndiye atakayeshika karatasi.

---

Kipepeo_wa_Leeds:

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilivyotarajia. Mambo mawili zaidi. Chakula: kuna duka na mahali pa kula jioni, au tubebe? Na hizi kuta za mawe, nimesoma hazina saruji. Zinashikiliwa na nini, na ni kweli mtu anaweza kuziangusha kwa kuegemea?

---

Jiwe_Juu_ya_Jiwe:

Nijibu la kuta, chakula nawaachia wengine.

Ukuta wa kule kwa kweli ni kuta mbili zinazoegemeana. Chini, upana ni kama sentimita 70, juu ni 35 hadi 40, na kimo kinafika mita 1.4 hivi. Kila upande umejengwa kwa mawe ambayo urefu wake unaingia ndani, si kulala kando ya ukuta, na kila jiwe linakalia kiungo cha mawili ya chini yake. Katikati ya pande hizo mbili hujazwa kokoto ndogo kwa mkono, zinabanwa moja moja. Zikimwagwa kwa sepetu, baada ya miaka zinashuka, katikati panabaki tupu na ukuta unatoa tumbo. Usawa fulani wa kimo hupitishwa mawe marefu yanayofunga upande hadi upande. Utayaona yamechomoza kama vidato. Juu kabisa hukaa mawe ya kofia, yamesimamishwa kwa ubavu, uzito wake unabana yote yaliyo chini.

Kwa hiyo kinachoshikilia ni uzito na msuguano, na kutokuwa na saruji si upungufu. Maji yanapita, barafu ikitanuka ndani ina nafasi, na ardhi ikicheza ukuta unacheza nao. Ukuta wa saruji kwenye mteremko ule ungepasuka.

Kuegemea hakuangushi. Kupanda ndiko kunakoangusha. Uzito wa mtu ukiwa juu unasukuma jiwe la kofia kwenda nje, likidondoka yale ya jirani yanalegea, kondoo anaona mwanya, anaruka, anaangusha mengine. Asubuhi mkulima anakuta mita 2 chini na kundi liko kwenye nyasi za majira ya baridi. Kuijenga upya ni kazi ya mikono ya siku nzima. Mkilitoa jiwe bila kukusudia, lirudisheni lilipotoka mara moja, msilitupe chini.

Mageti yaacheni mlivyoyakuta. Lililokuwa wazi lilifunguliwa kwa sababu, mara nyingi kondoo wanafuata maji.

Mabanda ya mawe yaliyosimama peke yake katikati ya mashamba: juu nyasi kavu, chini ng'ombe wachache kwa majira yote ya baridi, na samadi yao inatandazwa shamba lile lile. Hiyo ndiyo siri ya maua. Mbolea ya dukani inakuza majani makali yanayoua maua, samadi kidogo haifanyi hivyo. Halafu kuna mmea wa maua ya njano, Rhinanthus minor, unaonyonya mizizi ya nyasi na kuzidhoofisha, ukayapa maua mengine nafasi. Chukueni dakika moja mchuchumae pembeni ya mawe bapa: mbegu zake zikikauka zinalia ndani ya kikoba ukikitikisa. Katikati ya Juni nyingi bado ni mbichi, tafuteni zilizotangulia. Lile la zambarau lenye petali 5 na moyo mweupe ni Geranium sylvaticum, na ndilo hasa la mashamba haya ya juu. Uingereza na Wales zilipoteza asilimia 97 hivi ya mashamba ya maua ya aina hii kati ya miaka ya 1930 na 1980. Msichume.

---

Sufuria_Safi:

Chakula basi. Kijiji kina baa moja, mkahawa wa chai na duka dogo. Msiende na mawazo ya kununua mahitaji ya siku tatu pale. Mchana wa njiani (mikate, matunda, karanga, mayai ya kuchemsha) ununuliwe Richmond wakati mnangoja basi.

Baa za vijijini jiko lake lina saa zake. Kwa kawaida chakula cha mchana kinakoma saa 8 au 8 na nusu, na cha jioni kinaanza kwenye saa 12 hadi saa 2 usiku au kidogo zaidi. Katikati ya hapo kuna vinywaji tu. Mkirudi kutoka Keld saa 10 mkiwa na njaa, hamtapikiwa. Na watu wanne bila kuweka meza, Juni, mtaambiwa jiko limejaa, na hakuna baa ya pili mtaa wa pili. Pigeni simu siku mnayoweka vyumba. Asiyekula nguruwe au anayehitaji nyama ya halali aseme mapema. Kwenye jiko dogo mara nyingi atapewa samaki au mboga.

Nyumba za wageni nyingi zinahesabu kifungua kinywa ndani ya bei, na baadhi zinafunga chakula cha mchana cha kubeba mkiomba usiku uliotangulia. Mashine ya kutoa pesa msiitegemee. Kadi zinapokelewa sehemu nyingi, lakini mtandao ukikatika zinagoma, kwa hiyo kila mtu awe na noti kidogo. Kuna mayai na jemu huachwa kwenye sanduku kando ya geti, unaweka pesa kwenye kopo. Bila sarafu utaishia kutazama.

Maji: beba lita 1.5 kwa mtu. Yale ya vijito msinywe, hata yakiwa meupe kama kioo. Juu kuna mabaki ya machimbo ya risasi, na kondoo wamelala humo. Kuchemsha kunaua vijidudu tu, risasi inabaki.

---

Bi_Kokoto:

Nyongeza ya hali ya hewa, maana Juni inadanganya. Kila ukipanda mita 100 joto linashuka karibu nusu digrii au zaidi, bila kuhesabu upepo. Muker ikiwa digrii 15 na jua, juu ya Crackpot Hall mtu aliyelowa jasho na kusimama dakika 10 anatetemeka. Kila mmoja awe na koti la mvua lenye mishono iliyozibwa, suruali ya mvua, sweta la sufu au la kitambaa cha manyoya, kofia nyepesi. Suruali ya jinzi ni balaa: ikilowa haikauki siku hiyo na inakuwa nzito. Viatu viwe vimefunika kifundo, soli yenye meno, na viwe vimevaliwa nyumbani kwa wiki mbili kabla. Kiatu kipya siku ya kwanza ni lengelenge siku ya pili.

Mto Swale hupanda haraka mno mvua ikinyesha milimani, hata kama kijijini hainyeshi. Tarehe 30 Julai 2019 mvua ya saa chache ilibomoa daraja la barabara karibu na Grinton, chini ya bonde hilo hilo. Kijito chochote kisicho na daraja, maji yakifika juu ya goti au yakiwa rangi ya chai ya maziwa, geukeni. Msikivuke kwa sababu tu mlikivuka asubuhi.

Mwanga mnao mwingi: jua linazama kama saa 3 na dakika 40 usiku. Bado tochi moja ya kichwani ibebwe. Na filimbi.

Dharura: piga 999, omba polisi, halafu waambie unahitaji uokoaji wa milimani. Ni watu wa kujitolea, hawatozi. Uwe na namba ya gridi kutoka kwenye ramani, inayoonyesha mahali mlipo, idadi yenu, jeraha, na rangi ya nguo. Simu ikishindwa kupiga, ujumbe mfupi kwenda 999 mara nyingine unapenya, lakini lazima uwe umejisajili kabla kwa kutuma neno "register" kwenda 999. Fanyeni leo, ni dakika moja. Kwa filimbi ni milio 6 ndani ya dakika, nyamaza dakika 1, rudia, na usiache hadi wakufikie hata kama umesikia jibu.

---

Nundu_ya_Kisdon:

Kwa wale wawili wenye haraka: mkifika Keld na mbingu ziko safi, msirudi ubavuni. Shikeni ile njia ya maiti inayopita juu ya Kisdon. Inafika karibu na kilele, ambacho ni mita 499, inaongeza mpando, lakini ardhi yake ni nyasi na si mawe, na Swaledale yote mnaiona hadi chini. Ardhi hapa imepangwa kwa matabaka: chokaa, mwamba laini, mawe ya mchanga, kisha chokaa tena. Lile laini linalika haraka, magumu yanabaki, ndiyo maana vilima vina ngazi ngazi na kila kijito kina maporomoko. Kutoka juu ngazi hizo zinaonekana wazi, hasa jua la alasiri likiwa kando.

Mteremko wa mwisho kuingia Muker ni uchochoro kati ya kuta mbili, mkali, wenye kokoto zinazoserereka. Hatua fupi, fimbo mbele. Ukungu ukiwa umekaa juu, achaneni nayo.

---

MwanaKondoo:

Na msipige hema popote. England kwenyewe, nje ya Dartmoor (nyika ya kusini-magharibi), kulala porini bila ruhusa ya mwenye ardhi hairuhusiwi. Keld kuna sehemu za kambi za kulipia.

---

Kipepeo_wa_Leeds:

Nimeelewa. Tunakwenda Jumatatu hadi Jumatano. Siku ya kwanza kufika na kuzunguka kijiji tu, siku ya pili mgawanyiko kama alivyosema Bi Kokoto, siku ya tatu Ivelet asubuhi kisha basi. Tatizo: tukimaliza Ivelet, lazima turudi Muker kupanda basi?

---

Ratiba_Kwanza:

Si lazima. Mnaweza kuendelea chini hadi Gunnerside, basi lile lile linapita. Lakini mizigo yenu itakuwa Muker, na mama atakuwa amemaliza magoti. Mimi ningeenda Ivelet na kurudi, kama kilomita 6 au 7, nikaondoke Muker na mizigo mkononi. Iombeni nyumba ya wageni iwatunzie mabegi baada ya kutoka vyumbani. Basi likija, mkono uunyooshe dereva akuone, hata pale penye kibao: barabara ina kona, na hasimami kwa kubahatisha.